Aya ya Kumi na Nne

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Jumatano tarehe kumi na tano Oktoba, mtunza bustani aliyekuwa akikata nyasi kando ya ziwa la Canberra alizima mashine yake. Chini ya ukingo wa njia ya baiskeli, katikati ya mikaratusi, alilala mwanamume mwenye kofia ngumu ya njano kichwani. Baiskeli ilikuwa juu ya miguu yake. Kando ya jicho la kushoto palikuwa na tundu dogo, na damu yake ilikuwa imeshakauka.

Saa mbili na nusu, Sajenti Leonie Trezise wa upelelezi alikuwa amepiga magoti karibu na maiti. Aliinamisha kichwa kwanza, akaomba kimyakimya kama alivyoomba mbele ya kila maiti kwa miaka ishirini na sita: Bwana, nionyeshe kilichopo, si ninachokitaka. Kisha akavaa glovu.

"Ni magpai huyo," sauti ilisema kutoka juu ya mteremko. "Huu ndio mwezi ndege hao hulinda viota."

Mwanamume mrefu aliyevaa tai na kofia pana ya jua alikuwa amesimama kwenye nyasi, hatua thelathini hivi kutoka pale. Nyuma yake palionekana jengo la kijivu la serikali.

"Ndege kamdona jichoni, mzee wa watu kapoteza mwelekeo, kaanguka," mwanamume aliendelea. "Kila mwenye baiskeli hapa hufunga miiba ya plastiki kwenye kofia ili ndege asikaribie. Hamish peke yake ndiye aliyekuwa mkaidi. Tazama kofia yake. Haina hata mwiba mmoja."

"Wewe ni nani?"

"Graeme Tolhurst. Naibu mhandisi. Huyo ni Dakta Hamish Quilty, mkubwa wangu."

"Sogea karibu tuzungumze bila kupigiana kelele."

"Nakusikia vizuri hapahapa. Kwetu Hobart, Tasmania, ndege hawana wazimu huu. Hii njia sijawahi kuikanyaga hata siku moja. Mimi huja kwa gari."

Sajenti alizungusha ile kofia ya njano polepole. Haikuwa na ufa wala mkwaruzo. Daktari wa polisi alipoivua, wote wawili waliinama karibu. Nyuma ya kichwa cha Quilty, fupa lilikuwa limebonyea kama bakuli.

"Kichwa kimepasuka, kofia nzima," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Alivalishwa baadaye. Amekufa kati ya saa kumi na mbili u nusu na saa moja na robo, si zaidi."

Mfukoni mwa koti la marehemu Sajenti alikuta kikopo cha bati. Ndani mlikuwa na nyama mbichi ya kusaga, kijiko kimoja hivi. Alikitia kwenye mfuko wa ushahidi, akaanza kupanda njiani. Hapo akasikia mdomo mgumu ukigonga hewani, tak, tak, na kitu kikampiga nyuma ya sikio. Ndege mweusi mwenye mabaka meupe alizunguka, akatua kwenye tawi la mkaratusi, akamkodolea macho. Sajenti alipojigusa, kidole kilirudi na damu.

* * *

Mkurugenzi wa ofisi ile aliitwa Philippa Stroud, mwanamke mwembamba asiyemkaribisha mgeni kiti. Simu ya Sajenti ilibaki kwenye kijisanduku cha mlangoni, kama simu ya kila mtu aingiaye humo.

"Una mpaka saa sita mchana," Stroud alisema. "Saa nane kamati ya usalama ya Baraza la Mawaziri inakaa. Wataamua kama nchi hii inanunua makombora ya balistiki au hainunui. Miaka mitatu tumeandaa waraka huo. Sitaki jina la ofisi yangu litajwe redioni leo kwa sababu ya ndege."

"Si ndege."

"Basi nenda langoni. Kuna bibi kizee anaitwa Odette Marchbank. Jumatatu alimmwagia Hamish chai akamwambia damu itakuwa juu yake. Watu wangu wa usalama wana picha."

"Nitamfikia. Wewe mwenyewe ulimwona Dakta lini mara ya mwisho?"

"Jana, saa kumi na moja jioni. Tuligombana, na kabla hujaenda kumuuliza katibu wangu, nitakuambia mwenyewe. Alikataa kusaini. Nilimwambia asiposaini leo kabla ya saa nne nitamfukuza kazi. Na ningemfukuza."

"Alikataa kwa nini?"

Stroud alitazama dirisha. "Aya ya kumi na nne. Inahusu joto la jangwani. Ni siri. Wewe ni wa kuchunguza ajali."

"Ni wa kuchunguza mauaji, mama. Na waraka umesainiwa?"

"Umesainiwa." Alifungua kabati la chuma, akatoa ukurasa mmoja, akauweka mezani bila kuuachia. "Kanuni inasema mhandisi mkuu asipokuwepo, naibu wake atasaini kwa niaba yake. Tosheka na hayo."

Sajenti alisoma kwa haraka. *Tatizo la joto lililoonekana katika majaribio limetatuliwa.* Chini yake: *G. Tolhurst, kwa niaba ya Dkt. H. Quilty, asiyekuwepo.* Mhuri wa buluu wa mashine ya mlangoni kwa katibu ulionyesha saa moja na dakika thelathini na moja asubuhi. Sajenti aliyaandika yote kwenye daftari lake, herufi kwa herufi.

Tolhurst aliitwa. Aliketi bila kuvua kofia yake pana.

"Ulifika saa ngapi leo?"

"Saa kumi na mbili na robo. Kadi yangu imesomwa kwenye mlango wa mbele. Angalia."

"Na mkurugenzi?"

"Alikuwa ameshafika. Sote tulikuwa ndani. Sikutoka mpaka niliposikia mtunza bustani anaita watu."

"Dakta huingia saa ngapi?"

"Saa moja. Ungeweza kurekebisha saa yako kwa kumtazama yeye."

"Mlipatana?"

Tolhurst alitabasamu kwa upande mmoja. "Sajenti, hakuna aliyepatana na Hamish. Hata hao wanaoongea vizuri juu yake leo, waulize mmoja mmoja kama aliwahi kula naye chakula cha mchana."

* * *

Odette Marchbank alikuwa nesi kwa miaka arobaini kabla ya kustaafu. Tangu Machi aliketi langoni kila asubuhi kwenye kiti cha kukunja, na bango lenye maneno *HAKUNA KOMBORA LINALOJUA MTOTO NI NANI*. Askari wawili wenye sare walikuwa wamemsimamia.

"Umekuja kunifunga?" aliuliza. "Ngoja nimalize chai. Ile ya Jumatatu ilipotea bure."

"Ulimmwagia marehemu."

"Nilimmwagia. Ilikuwa ya moto pia. Na kesho yake akaja akaniuliza kama nimebakiwa na nyingine, maana ya kwanza haikuwa na sukari." Alijimiminia chai kidogo. "Nilimchukia mtu yule kwa miezi saba, binti. Usinipokonye chuki yangu kwa kumfanya mtakatifu."

"Leo ulifika saa ngapi?"

"Sizungumzi na polisi."

"Umeanza tayari."

Bibi alimwangalia, akagundua alama nyekundu nyuma ya sikio lake. "Umepita chini ya mti wa Waziri," alisema.

"Waziri?"

"Huyo ndege. Hamish ndiye aliyempa jina hilo. Alisema hula nyama ya wananchi na bado huwadona." Bibi Odette alifunika chupa yake ya chai. "Sikiliza, na sitarudia. Nilifika saa kumi na moja u nusu. Saa kumi na mbili na dakika arobaini Hamish alipita hapa na baiskeli, akaingia njia ya nyuma. Kimya. Waziri hamfanyi kitu. Miaka minane anakula mkononi mwake. Dakika kumi baadaye nikasikia tak, tak, mara tatu nne, kwa hasira. Nikasema moyoni, mgeni huyo, ameingia mtegoni. Nikangoja nimcheke akitokea."

"Akatokea?"

"Hakutokea mtu. Si kwa upande huu."

Sajenti Trezise alifunga daftari. Njia ile ilikuwa na miisho miwili tu: lango la Bibi Odette, na mlango wa nyuma wa jengo la kijivu.

"Mwacheni anywe chai yake," aliwaambia askari.

* * *

Mlango wa nyuma ulikuwa na kisoma-kadi kama milango yote. Lakini kando yake, juu ya zege, lilikuwapo tofali moja jekundu, na vipande vya sigara vimetapakaa. Mlinzi aliyeulizwa alikuna shingo yake.

"Wavuta sigara, Sajenti. Wakirudishia mlango inabidi wazunguke mpaka mbele. Kwa hiyo huuzuia na tofali. Tumeandika barua tano juu ya hilo tofali."

"Kwa hiyo mtu anaweza kutoka na kurudi, na kompyuta isijue."

"Kompyuta inajua mlango haukufungwa. Haijui nani alipita."

Sajenti aliligusa tofali. Canberra haikuwa imepata tone la mvua kwa siku tisa, na zege lilikuwa kavu. Tofali lilikuwa na unyevu. Hatua nne kutoka pale palikuwa na bomba la kumwagilia bustani. Alilitia tofali kwenye mfuko, akalituma maabara.

Karibu na uzio wa polisi kulikuwa na msichana aliyevaa sare za jeshi, amesimama wima kama yuko gwaride. Alijitaja: Koplo Tegan Quilty, kikosi cha mizinga, yuko likizo kwa baba yake.

"Nimeambiwa ni ndege," alisema.

"Wewe unaamini?"

"Nikiwa na miaka kumi na sita nilikuwa namwonea wivu ndege yule. Alipata muda wa baba zaidi kuliko mimi." Aligeukia ziwa. "Baba hakuwahi kufunga miiba kwenye kofia. Wenzake walimcheka. Alisema huwezi kumlisha mtu asubuhi kisha umwelekezee mkuki."

"Alikuambia chochote kuhusu kazi?"

"Siri, hapana. Hata mama alikufa bila kujua baba anafanya nini hasa. Lakini Mei mwaka ujao kikosi changu ndicho kitapokea makombora hayo. Mimi na wenzangu watano tutasimama hatua chache kutoka kwenye gari la kurushia. Jumapili baba aliniambia: Tegan, wakikupanga, tazama kama jina langu liko kwenye waraka. Likiwepo, nenda ukalale usingizi. Lisipokuwepo, omba uhamisho, hata wakikuita mwoga." Alimtazama Sajenti usoni. "Lipo?"

Sajenti Trezise aliliona tena jina lile mbele ya macho yake, *kwa niaba ya Dkt. H. Quilty*. Lilikuwepo, kwa mkono wa mtu mwingine.

"Usiende mbali," alimjibu.

* * *

Saa sita na dakika ishirini maabara walipiga simu. Nusu saa baadaye Sajenti aliwatoa Stroud na Tolhurst kwa mlango wa nyuma. Utepe wa polisi ulikuwa umeondolewa. Mbele yao njia ilipinda kando ya maji, na mikaratusi ilisimama pande zote mbili, zaidi ya mia, yote ikifanana.

"Nina dakika sabini," Stroud alisema. "Huu ni upuuzi gani?"

"Tunatembea tu, mpaka alipolala. Bwana Tolhurst, wewe tangulia."

"Nimekuambia sijawahi kupita huku."

"Njia ni moja. Hutapotea."

Tolhurst alitangulia, mikono mfukoni. Walipita mti wa kumi, wa ishirini. Hakuna ndege aliyeonekana wala kusikika. Walipokaribia mpindo, Tolhurst alihama kutoka kushoto mwa njia kwenda kulia. Kisha, bila kugeuka, bila kuonekana kama anajua anachofanya, alitoa mkono mfukoni akaziba sikio lake la kushoto.

"Simama hapo," Sajenti alisema.

Tolhurst alisimama.

"Umefunika nini?"

Alipotazama mkono wake mwenyewe na kuushusha, uso wake ulipauka. Juu yao tawi lilitikisika. Ndege alishuka kimya, akapita juu ya Stroud, akapita juu ya Sajenti kama hawapo, akamfuata yeye. Tak. Kofia pana ikaruka mpaka nyasini. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na plasta mbili.

"Nilikatwa kwa kinyozi," Tolhurst alisema.

"Kinyozi gani, leo asubuhi?" Sajenti alisogea. "Mti huu una tofauti gani na ile mingine? Mimi mwenyewe ningeupita bila kuujua, na mimi alinidona saa nne tu zilizopita. Wewe uliujua mti mmoja katika mia, kwenye njia ambayo hujaikanyaga hata siku moja."

"Huo si ushahidi. Ni ndege."

"Ni ndege, na ndege ndiye aliyekuponza. Kwenu Tasmania magpai hawashambulii watu, kwa hiyo ulijua habari zao kwa kusikia tu. Ulidhani wanamshambulia yeyote. Mtu yeyote wa Canberra angekuambia kwamba magpai huchagua, na hasahau uso. Asiye na miiba kwenye kofia si lazima awe mkaidi. Huenda ni rafiki yake."

Sajenti aliendelea bila kupandisha sauti.

"Dakta alishuka kwenye baiskeli hapa, kama kila asubuhi, akavua kofia, akafungua kikopo. Uliuzuia mlango kwa kitu kingine, ukampiga kwa nyuma na tofali la wavuta sigara. Ndege akakurukia. Hapo ukapata wazo: ukamvalisha kofia, ukamtoboa kando ya jicho, nadhani kwa kalamu. Tofali uliliosha kwenye bomba. Lakini tofali lina vitundu, Bwana Tolhurst. Maabara wamekuta damu ndani yake. Ya watu wawili: aliyepigwa na aliyedonwa."

"Mtu yeyote angeweza kulichukua hilo tofali. Hata yeye." Alimwonyesha Stroud kwa kidevu. "Yeye ndiye aliyemtishia."

"Nilikuwa nimemfikiria. Lakini kulikuwa na mhuri." Sajenti alifungua daftari. "Kusaini kulikuwa na muda mpaka saa nne. Ulisaini saa moja na dakika thelathini na moja, *kwa niaba ya asiyekuwepo*. Mtu aliyechelewa kazini nusu saa, mtu ambaye watu hurekebishia saa, humpigii simu, humngojei, unaandika hayupo. Maiti ilionekana saa mbili kasoro dakika kumi. Ulijuaje, dakika kumi na tisa kabla ya dunia nzima, kwamba hatakuja tena?"

Maji ya ziwa yalipiga ukingo. Tolhurst aliangalia kofia yake nyasini lakini hakwenda kuiokota.

"Agosti," alisema hatimaye, "nilimwambia waziri kwamba tatizo limekwisha. Wauzaji waliniahidi lingekwisha kufikia Septemba. Nilitangulia wiki chache tu."

"Halikwisha," Stroud alisema. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupungua ukali.

"Makombora mawili kati ya manane, Philippa. Mawili. Yakikaa juani, mafuta yake magumu yanapata nyufa. Sita yaliruka vizuri. Majirani zetu wanayo, kila mtu anayo, na sisi tumekaa na mikono mitupu tunabishana juu ya aya. Hamish angewaambia leo, wangeogopa, na tungengoja miaka mitano mingine. Mtu mmoja na nchi nzima. Piga hesabu mwenyewe."

"Na hayo mawili hayakuruka?" Sajenti aliuliza.

Stroud ndiye aliyejibu. "Yalilipuka kwenye gari la kurushia. Yalikuwa majaribio, hapakuwa na mtu karibu."

"Mei watakuwepo watu sita. Mmoja ni binti yake."

"Nilijua," Tolhurst alisema, akiutazama mti. "Alinionyesha picha yake."

Polisi wawili walimchukua. Ndege alimsindikiza mpaka kwenye mlango wa nyuma, akigonga mdomo juu ya kichwa chake, na hakuna aliyejisumbua kumfukuza.

Stroud alitazama saa yake. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

"Ule ukurasa ni kielelezo sasa," Sajenti alimwambia. "Nauchukua. Huna saini ya kupeleka."

"Unajua unachonifanyia?"

"Najua. Kabatini mwa Dakta mna nini?"

Mkurugenzi alifunika saa yake kwa mkono wa koti. "Aya ya kumi na nne aliyoiandika yeye. Kwa wino mwekundu, na saini yake chini. Aliniletea jana, nikamrudishia bila kuisoma." Aliokota kofia ya Tolhurst nyasini, akampa Sajenti kama kitu kichafu. "Sikupendi, Sajenti. Hamish naye sikumpenda. Niitie gari."

* * *

Saa kumi na moja jioni Stroud alipiga simu. Hakusalimu.

"Wamekubali kununua," alisema. "Na wameiingiza aya yake kama alivyoiandika. Hakuna kombora litakalofika kikosini mpaka yote yajaribiwe upya juani. Mwambie binti." Akakata.

Tegan Quilty alikuwa chini ya mkaratusi, kiganja kimenyooshwa, na nyama ya kusaga kidogo aliyoinunua dukani. Sajenti alimweleza maneno yale yote, bila kuongeza wala kupunguza. Msichana alisikiliza bila kushusha mkono.

"Kwa hiyo jina lake lipo," alisema.

"Lipo. Kwa mkono wake."

Ndege alishuka. Alipita karibu na kichwa cha Tegan, tak, akamchana kidogo kwenye paji la uso, akarudi tawini.

"Hanijui," Tegan alisema. Damu ilimteremka mpaka kwenye nyusi, naye hakuifuta wala hakuondoa mkono. "Likizo yangu imebakiza siku kumi na moja."